Nguvu Zisizo na Majirani

Tarehe 4 Novemba 1977 kituo cha televisheni cha CBS cha Marekani kilionyesha filamu ndefu iliyotengenezwa kwa ajili ya kupima kama watazamaji wangeupokea mfululizo mzima. Iliitwa The Incredible Hulk. Kenneth Johnson aliiandika na kuiongoza. Bill Bixby akawa Daktari David Banner, na Lou Ferrigno, mtunisha misuli, akawa lile jitu la kijani ambalo daktari hugeuka kuwa pindi hasira inapompanda. Watazamaji waliipokea. Mfululizo ukaanza Machi 1978 na kuendelea hadi Mei 1982. Nzega, huku Unyamwezi, usiku ule hapakuwa na mtu wa kuitazama. Tanzania Bara haikuwa na televisheni kabisa, kwa kuwa serikali ya Mwalimu Nyerere iliihesabu kuwa anasa kwa nchi iliyokuwa bado inatafuta maji, shule na zahanati. Zanzibar tu ndiyo iliyokuwa na kituo chake, tena cha rangi, tangu mwanzo wa miaka ya 1970. Bara ilisubiri hadi 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo kutoka Dar es Salaam, na Unyamwezi ukasubiri zaidi. Kwa hiyo mtoto wa Nzega wa mwaka 1977 hawezi kuirudia filamu ile kama mtu anavyorudia kitu cha utotoni. Anaikuta akiwa mtu mzima, kwenye kanda, kwenye kibanda umiza au siku hizi kwenye simu. Anachokirudia ni kingine: wenye nguvu aliowasikia na kuwaona alipokuwa mdogo, ambao filamu hiyo inamlazimisha kuwapima upya. Na vipimo hivyo, nitajaribu kuonyesha, haviifanyi filamu kuwa mwalimu na Nzega kuwa mwanafunzi.

Kwanza niitendee haki. Kazi za zamani za mashujaa wa aina hii huonekana upesi zilivyochakaa: rangi iliyopakwa mwilini, nywele za bandia, kuta zinazobomoka kwa urahisi mno. Johnson, hata hivyo, hakuvutiwa na upande huo. Mwendo wa kisa chake aliuazima kwa Victor Hugo, katika habari za Jean Valjean anayewindwa maisha yake yote, na filamu yake akaianza kwa msiba. Gari la Banner linapinduka na kuwaka moto mkewe akiwa ndani. Banner anajaribu kulinyanyua, hawezi, na mke anakufa. Baada ya hapo anafanya utafiti na mwenzake, Elaina Marks, akiwahoji watu wa kawaida ambao siku moja walijikuta na nguvu zisizo zao, kama mama aliyenyanyua gari kumtoa mwanawe chini yake. Swali linalomla Banner ni kwa nini wao waliweza na yeye akashindwa. Anagundua kwamba siku za matukio yale miale ya gamma kutoka juani ilikuwa mikali kuliko kawaida. Usiku, peke yake, anakaa mbele ya mashine na kujipiga miale hiyo bila kumwambia mtu, na bila kujua kwamba mashine imerekebishwa na sasa inatoa kipimo kikubwa mno. Anarudi nyumbani mvua ikinyesha, tairi linapata pancha, anahangaika na spana, anaumia mkono, hasira inapanda, na jitu linazaliwa. Huu si upuuzi wa watoto. Ni kisa cha mjane aliyeshindwa kujisamehe, na Bixby anakicheza kwa uzito unaostahili.

Lakini mtu mzima aliyelelewa Nzega, kwenye njia ya zamani ya misafara ya wapagazi, atasimama kwenye kitendo kimoja ambacho filamu inakipita kwa haraka: Banner anafunga mlango na kujipa nguvu bila shahidi. Kila kinachofuata kinatoka hapo. Hakuna aliyempa, hakuna aliyekubali awe nazo, na zinapomshinda hakuna mwenye haki ya kumzuia. Njia pekee ya kujizuia anayoijua ni kuhama. Mfululizo wote wa miaka ile ni mtu anayeingia mji mmoja, anawasaidia watu wasiomjua, anageuka, anavunja, kisha anaondoka barabarani akiomba lifti. Filamu inatutaka tumhurumie kwa upweke huo, na tunamhurumia. Ila inauchukulia upweke kama bei ya nguvu, jambo la lazima kama mvua. Historia ya Nzega na Tabora inasema kinyume chake: huku nguvu za ajabu zilihesabiwa kuwa za kishujaa pale tu zilipokuwa na majirani, watu wanaomjua mwenye nazo kwa jina na kwa ukoo, wanaoweza kumtoza, kumsusia na kumvua. Zilipowakosa, hata zilipokuwa upande wa haki, ziligeuka balaa.

Atatokea wa kusema kwamba kulinganisha hadithi ya kubuni na taasisi za watu halisi ni kuonea. Hadithi inaruhusiwa kutia chumvi. Baraza la kijiji halina ruhusa hiyo. Pingamizi hilo lingekuwa zito kama Wanyamwezi wasingekuwa na mavazi, dawa na visa vyao vya ajabu. Walikuwa navyo kwa wingi. Chukua kirangozi, kiongozi wa msafara wa wapagazi katika karne ya 19. Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora, mwaka 1857, alimweleza akitembea mbele ya msafara na joho jekundu, ngozi ya mbega, na manyoya ya ndege yaliyosimama kichwani. Ni vazi la shujaa, na lilikusudiwa kuonekana kutoka mbali, porini na mbele ya watemi waliodai hongo. Nyuma yake walikuja mamia ya watu, pengine zaidi ya elfu, kila mmoja na mzigo wa karibu frasila mbili begani, pembe zikishuka pwani na vitambaa, shanga na bunduki vikipanda bara. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni zaidi ya kilomita 1,000, na Tabora ndiyo ilikuwa kituo cha katikati. Hapo pia ilichepuka njia ya kaskazini, ile aliyoifuata Speke mwaka 1858 kuelekea ziwa alilokuja kuliita Victoria, kupitia nchi ambayo Nzega iko ndani yake leo.

Sasa angalia vazi lile jekundu lilikuwa na masharti gani. Kirangozi alikuwa na heshima kubwa kiasi kwamba aliyethubutu kumtangulia njiani alitozwa faini. Lakini heshima hiyo ilitoka kwa wapagazi wenyewe, ambao wengi walikuwa majirani na ndugu zake kutoka vijiji vilevile, na waliorudi naye vijijini humo. Walikuwa watu huru wanaofanya kazi ya ujira, wenye uzoefu wa kugoma, kutua mizigo na kukataa kuendelea wakiona wameonewa. Kirangozi aliyewapoteza njia au kuwakatia posho alijua kwamba mwisho wa safari wataketi naye penye moto uleule kijijini, na kwamba mvua zikipita msafara mwingine utatafuta kiongozi. Joho halikumficha. Shujaa wa Marekani wa zama za televisheni huvaa vazi ili asijulikane, au, kama Banner, hugeuka sura mpaka rafiki yake hamtambui. Kirangozi alivaa ili ajulikane zaidi. Tofauti hiyo naiona nzito kuliko tofauti ya kubuni na kutokubuni, kwa sababu katika pande zote mbili watu walikuwa wanajibu swali moja: mwenye nguvu kuliko sisi aonekane vipi mbele yetu?

Pingamizi kubwa zaidi lina jina, nalo ni Mirambo. Hapa ni nchi ya Mirambo, na ukimuuliza mtoto wa shule Tabora shujaa ni nani, hatakutajia wapagazi. Kijana huyu wa Uyowa alijifunza mbinu za vita za Wangoni, akakusanya askari walioitwa rugaruga, waliovaa manyoya na vitambaa vyekundu, akajenga dola iliyokaa juu ya njia ya Ujiji na kuifunga alipotaka. Mwaka 1871 Waarabu wa Tabora walimwendea kwa bunduki nyingi, Henry Morton Stanley akiwa pamoja nao. Wakaingia boma walilodhani wamelishinda, wakiwa njiani kurudi na nyara wakavamiwa na kuchinjwa. Muda si mrefu Mirambo akaingia Tabora yenyewe na kuchoma nyumba. Stanley alikimbilia njia ya kusini. Alipokutana na Mirambo ana kwa ana mwaka 1876 alishangaa: yule aliyemdhania jambazi alikuwa mtu mpole, wa sauti ya chini, mkarimu, na wakachanjiana damu. Msomaji anaona wazi kwa nini jambo hili lingempendeza Johnson. Banner mpole na jitu la kutisha, katika mwili mmoja! Ila kwa Mirambo hizo sura mbili hazikuwa ugonjwa wa mtu. Zilikuwa kazi ya msimuliaji, kutegemea kama alikuwa anakimbia au amekaribishwa. J. B. Kabeya alipotoa kitabu chake cha Kiswahili juu ya mtemi huyo mwaka 1966, miaka michache baada ya uhuru, alimwita shujaa tangu kwenye jalada, na kwa nchi iliyokuwa inatafuta wakubwa wake wa kale neno hilo lilikuwa la haki.

Je, Mirambo havunji hoja yangu? Ni mtu mmoja, nguvu zake ni zake, na watu wanamkumbuka kwa fahari. Jibu liko katika mwezi wa Desemba 1884. Mwezi huo walikufa watu wawili, Mirambo na Nyungu ya Mawe, yule mwenye jicho moja aliyejenga dola yake kusini, Ukimbu, naye kwa rugaruga na kwa ukatili usiopungua wa mwenzake. Dola ya Mirambo ilianza kumeguka karibu mara moja. Ndugu aliyemrithi hakuweza kuishika, kwa sababu hapakuwa na cha kushika zaidi ya jina na hofu ya mtu aliyekwisha kufa. Ya Nyungu haikumeguka. Alikuwa ameigawa nchi na kuweka watwale katika kila sehemu, watu waliojua mipaka yao na wajibu wao, na baada yake akatawala mwanamke wa ukoo wake, Mgalula, hadi zama za Wajerumani. Wote wawili walikuwa majitu, kama tukitaka kutumia lugha ya filamu. Mmoja alizibeba nguvu zote mwilini mwake, mwingine akazitawanya kwa watu waliowajibika. Tunayemwimba ni wa kwanza. Aliyeacha kitu kikasimama ni wa pili, na nadhani shule zetu zimekuwa zikimpa nafasi ndogo kuliko anayostahili kwa sababu hana umbo la kisa kizuri.

Nguvu za dawa nazo zilikuwa na wenyewe. Bayeye, wacheza na nyoka wa Usukuma na Unyamwezi, wanashika swila na kifutu mbele ya umati, na kwa mtoto anayetazama hakuna muujiza mkubwa kuliko huo. Lakini hakuna anayeamka asubuhi akiwa myeye kwa ajali ya usiku. Kuna chama, kuna kuingizwa, kuna wakubwa na wanafunzi, kuna dawa za kuumwa na nyoka ambazo mtu hufundishwa hatua kwa hatua, na wanajamii wanajua wapi pa kukimbilia mtoto wao akiumwa shambani. Muujiza una anuani.

Hayo yote ni ya kale. Jambo lililoifanya hoja hii iwe ya kizazi cha 1977 lilitokea miaka michache baadaye, mfululizo wa Banner ukiwa bado unaonyeshwa ng'ambo. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliisha, askari wakarudi, na silaha zikabaki mikononi mwa watu wasiostahili. Nchi ilikuwa imefilisika. Sabuni na chumvi ziliadimika. Vijiji vilikuwa vimetoka kuhamishwa na kusogezwa pamoja katikati ya miaka ya 1970, majirani wa zamani wakatenganishwa na wapya wakawekwa kando kwa kando. Wizi wa ng'ombe ukageuka ujambazi wa bunduki, na polisi walikuwa wachache na mbali, wengine wakidaiwa kula na wezi. Kati ya 1981 na 1982, katika eneo la Kahama, kaskazini ya Nzega na sehemu za Shinyanga, vijiji vilianza kujiundia majeshi yao. Yaliitwa Busalama, kisha nchi nzima ikayajua kama Sungusungu. Silaha zao zilikuwa upinde, mishale na filimbi. Ng'ombe wakiibwa, filimbi inalia, kijiji jirani kinaijibu, wanaume wanafuata nyayo, na nyayo zikivuka mpaka wa kijiji wenye kijiji hicho wanalazimika kuzipokea na kuendelea nazo. Mwizi mwenye bunduki aliweza kumshinda mtu yeyote mmoja. Hakuweza kuushinda mnyororo wa vijiji.

Mtoto aliyesikia filimbi hizo usiku aliona mashujaa, na hakukosea. Walikuwa na viapo vyao, walichanjwa dawa, na wengi waliamini kwamba waganga wao wanaweza kumtambua mwizi kabla hajasema. Lakini mtu mzima anayerudi kutazama anaona kitu ambacho filimbi ilikifunika. Kila kikundi kilikuwa na ntemi, mtwale, katibu na kamanda. Vyeo viwili vya kwanza vimetoka kwenye utemi, ambao serikali ilikuwa imeufuta kisheria mwaka 1963. Viwili vya mwisho vimetoka kwenye chama na jeshi. Kijiji kilichota madaraka popote kilipoyaona yamewahi kufanya kazi, kikayapanga upya na kuyakabidhi kwa wakulima waliokuwa wanajuana. Adhabu kubwa haikuwa mshale. Ilikuwa faini, na kwa asiyetaka kulipa ilikuwa kususiwa: asisalimiwe, asipewe moto, asichotewe maji, asisaidiwe kulima wala kuzika. Desturi hiyo ni ya zamani kuliko Sungusungu. Ray Abrahams, mwanaanthropolojia wa Kiingereza aliyeishi na Wanyamwezi wa kaskazini mwishoni mwa miaka ya 1950 na baadaye akawa miongoni mwa wa kwanza kuandika kwa kina juu ya Sungusungu, alikuwa tayari ameeleza jinsi majirani wa huko walivyoamua kesi zao wenyewe nje ya baraza la mtemi, na jinsi walivyoweza kumtenga mwenzao mpaka akajirudi.

Hapo ndipo filamu na Nzega zinapotofautiana kwa undani. Banner anajitenga mwenyewe ili asiwadhuru watu. Nzega inamtenga mtu ili arudi. Kutengwa kwa Banner hakuna mwisho, kwa sababu hakuna aliyekuamuru na hivyo hakuna wa kukuondoa. Kutengwa kwa Kinyamwezi kuna bei inayojulikana, na siku ikilipwa, mara nyingi kwa ng'ombe wa kuchinjwa na kuliwa pamoja, mtu anarudishwa. Huruma tunayompa Banner ni ya kweli, lakini ni huruma kwa mtu ambaye mtunzi amemnyima baraza. Angekuwa na watu wa kumwambia kaa, tumekuona ulivyo, na hii ndiyo faini yako, filamu ingekuwa fupi na mfululizo usingekuwapo. Labda ndiyo sababu halisi ya upweke wa mashujaa wa televisheni: shujaa mwenye majirani hawezi kuhama mji kila wiki.

Sitaki kuisifia Sungusungu kuliko ilivyostahili, na hapa ndipo pingamizi lenye maumivu linapoingia. Majirani haohao waliomzuia mwizi waliwageukia wanawake wazee. Katika Usukuma na Unyamwezi wa miaka ile, na kabla na baada yake, bibi mwenye macho mekundu, mekundu kwa moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe wa miaka hamsini jikoni, aliweza kuitwa mchawi na kuuawa. Sungusungu haikuuanzisha ubaya huo, lakini mahali pengi iliupa filimbi. Watu walitozwa, walifukuzwa, walipigwa, na wengine walikufa, kwa tuhuma ambazo ushahidi wake ulikuwa ramli. Kama nguvu za jirani zinaweza kufanya hivyo, mtu atauliza, si afadhali Banner na upweke wake? Yeye angalau hajamuua bibi yeyote.

Swali hilo sitalikwepa, na sidhani linaibomoa hoja. Tazama waliokuwa wanazuiwa na waliokuwa wanazuia. Dhidi ya mwizi wa ng'ombe kulikuwa na nyayo, ng'ombe mwenye alama, mashahidi, na mtuhumiwa mwenye ukoo ulioweza kuja kubisha. Dhidi ya bibi hapakuwa na nyayo. Mara nyingi alikuwa mjane, watoto wamehama au wamekufa, ameletwa na operesheni ya vijiji mahali ambapo hana wa kwake, na wakati mwingine ana shamba ambalo mtu mwingine analitaka. Alikuwa ndani ya kijiji lakini hana majirani. Sungusungu iliua pale ambapo kamba iliyoifunga ilikuwa imelegea, yaani pale ambapo aliyeguswa hakuwa na mtu wa kuwauliza wanaume wale wenye pinde kwamba mmejuaje. Hilo linaithibitisha hoja kwa namna ninayotamani isingethibitishwa. Nguvu zisizo na wa kuziuliza ni zilezile, ziwe za daktari mmoja gizani au za wanaume mia tatu mchana kweupe.

Dola nayo iliyumba. Polisi na mahakimu waliwakamata wanasungusungu kwa kupiga, kuteka na kuua, kama sheria ilivyowataka. Mwalimu Nyerere na wakuu wa CCM waliona ndani yake wananchi wanaojilinda wenyewe, jambo ambalo chama kilikuwa kimelihubiri kwa miaka mingi, wakaitetea. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo na kuipa Sungusungu nafasi ndani yake, na miaka ya mwanzo ya 1990 ikapelekwa mijini, hadi Dar es Salaam. Huko ilibadilika. Mtaa wa mji hauna nyayo za kufuata wala moto wa kunyimana. Mtu anayekulinda humjui jina, na doria ikawa zamu ya kukwepa au ada ya kulipa. Vazi lilisafiri, majirani hawakusafiri. Wanaolalamika kwamba Sungusungu ya mjini ilikuwa kichekesho kando ya ile ya Nzega wanasema kweli, ila sababu haikuwa ulegevu wa watu wa mjini.

Ukiitazama tena filamu ya 1977 baada ya kuyapima haya, sehemu zake zinajipanga upya. Kuna msichana anayevua samaki ziwani. Jitu linatokea, anashtuka, anaangukia majini, nalo linang'oa mti na kumsukumia ili ajishikilie. Baba yake anafika, anaona zimwi kando ya mwanawe, anapiga risasi. Mtoto anayetazama anamchukia baba yule. Filamu inataka hivyo. Mtu mzima wa Nzega hawezi. Baba alipiga kwa sababu hakuna aliyemjua yule kiumbe, hana ukoo, hana kijiji, hakuna filimbi iliyotangulia kusema anakuja nani. Katika nchi ambayo mgeni asiyejulikana usiku hupigiwa yowe, kosa si la baba pekee.

Kisha kuna Jack McGee, mwandishi wa gazeti la udaku aliyechezwa na Jack Colvin, ambaye atamwinda Banner kwa miaka yote ya mfululizo. Johnson alimchora kama kero, mtu wa maswali, wa kunyatia milango ya maabara. Zaidi ya hapo, alimtwisha lawama: McGee aliyejificha stoo ndiye anayemwaga kemikali kwa bahati mbaya, na kutoka kwenye kemikali hizo unatokea mlipuko unaomuua Elaina Marks. Aliyekuja kuuliza ndiye anayewasha moto. Ukiwa mtoto hulioni hilo. Ukiwa mtu mzima uliyewaona mahakimu wa miaka ya 1980 wakiitwa maadui wa wananchi kwa sababu walitaka kujua bibi fulani alikufa kwa amri ya nani, unaliona mara moja. McGee anakosea jibu. Anaandika kwamba jitu limewaua watu wawili, wakati mmoja wao amesimama makaburini akiwa hai, tayari kuondoka. Lakini katika filamu nzima ni yeye peke yake anayesisitiza kwamba mwanamke amekufa mahali hapo na lazima mtu aeleze ilikuwaje.